Nyanya za Mukaka na Kikombe Nilichomwaga

Enzi zetu, nyanya iliyokuwa nzuri kuliko zote shambani hukuila. Uliiangalia tu. Ilinenepa na kuiva mbele ya macho yako, na wewe uliyeimwagilia maji tangu ikiwa ua ukapita pembeni na njaa yako. Kwenye kikonyo chake palikuwa pamefungwa kitambaa chekundu, na maana ya kitambaa hicho kila mtoto wa nyumba ile aliijua: hii ni ya mbegu, iguse uone. Sisi tulikula zilizobaki, yaani zilizodonolewa na ndege, zilizolalia udongo zikapata doa, na zile ndogo zilizochelewa kuzaliwa. Ninaposema utoto wangu ulikuwa mtamu, nasema kweli, lakini hasira niliyokuwa nayo juu ya vile vitambaa vyekundu haijaniisha mpaka leo.

Nilikulia Bwera, kwenye mteremko unaotazama upande wa Kongo, kwa mama yake baba, ambaye sisi Wakonzo tunamwita Mukaka. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye naamini alikuwa akijifunza kurasa mbili tu mbele yetu, alitufundisha siku moja kwamba bibi huitwa pia nyanya, na nyanya vilevile ni ile ya kupika. Darasa zima likageuka kunitazama. Nilifika nyumbani nimenuna, kwa sababu tangu siku ile mpaka namaliza shule ya msingi niliitwa mjukuu wa nyanya, na hakuna aliyejisumbua kueleza ni nyanya ipi.

Lakini walikuwa na haki. Nyanya za Mukaka zilijulikana kuanzia kwetu mpaka sokoni Mpondwe. Hazikuwa hizi za siku hizi, ngumu na za duara, ambazo ukiiangusha moja inadunda na kurudi mkononi. Zilikuwa pana, zenye mikunjo kama boga dogo, rangi yake kati ya nyekundu na waridi, na ngozi yake nyembamba kiasi kwamba huwezi kuzifikisha mbali bila nusu kupasuka njiani. Ukiikata, maji hayatoki, unatoka mchuzi. Kwa bundu ya moto, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa chumvi, chakula kilikuwa kimekamilika, na mtu aliyeuliza nyama alionekana hana adabu.

Mbegu hizo zilikuwa na historia, na historia hiyo tuliisikia mara nyingi mpaka tukaichoka. Baba yake Mukaka alikuwa mtunza bustani kwenye misheni moja upande wa Butembo, wakati wa Wabelgiji. Mapadri walikuwa wameizungushia bustani yao ukuta wa mawe, wakachimba mfereji wa maji katikati, na mbegu zao zilikuja kutoka kwao Ulaya ndani ya bahasha za barua. Kulikuwa na nyanya, pwaro (ile mboga inayofanana na kitunguu kirefu cheupe), majani fulani machachu ya supu, na maua ya rangi ya chungwa yenye harufu kali yaliyopandwa kati ya nyanya ili wadudu wakose raha. Yule mzee alipoacha kazi na kuvuka kuja kuishi Bwera, hakubeba kiti wala sufuria. Alifunga mbegu kwenye pembe nne za leso, kila pembe aina yake. Mukaka alirithi leso, na sisi tulirithi kazi.

Kazi yenyewe mniulize mimi. Tukitoka shule, wenzetu wanacheza kwepena, kukwepa mpira wa maganda ya migomba, sisi tunafukuza ndege kwenye maua ya pwaro. Mpira ukirushwa vibaya ukaangukia bustanini, mchezo umekwisha, maana hakuna aliyekuwa tayari kwenda kuuchukua. Mukaka aliwahi kuja hadi uwanjani ameshika shina la nyanya lililovunjika, akalionyesha kwa kila mtoto mmoja mmoja, kama polisi anayeonyesha picha ya maiti. Madaftari yangu hayakupona pia. Mbegu za nyanya alizianika juu ya karatasi, na karatasi alizichana kwenye daftari langu la hesabu, katikati, palipokuwa safi. Mwalimu alipouliza kurasa ziko wapi, nilisema zimeanikiwa mbegu, nikachapwa kwa kusema uongo.

"Hesabu utafanya tena kesho," Mukaka aliniambia nilipolia. "Hii ukiipoteza, utaifanya na nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Na ndiye aliyenilea, kwa hiyo mnisamehe nikiwa na midomo mirefu.

Wakati huo, nazungumzia ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili na kumi, simu bado zikiwa na vitufe na tochi, alikuja kupanga chumba cha nyuma kwetu mama mmoja Mkongo, tukimwita Mama Kavira. Alitoka vijiji vya upande wa Beni. Watu wengi walikuwa wakivuka kwa sababu ya risasi, yeye alivuka na masufuria mawili, rozari, na kitambaa cha kitenge alichokuwa hajakishona. Hakuwa na mtoto wala mume wa kuzungumzia, na sisi tulikanywa tusiulize. Alikuwa akitengeneza maandazi na kuyauza mpakani asubuhi, na mchana alirudi akakaa na Mukaka bustanini.

Sijawahi kuona watu wawili wakipendana kwa kugombana namna ile. Mama Kavira alisema pwaro inapandwa kwenye shimo refu, Mukaka akasema baba yake alifundishwa na Mapadri wenyewe. Mama Kavira akasema na yeye mama yake alipikia Mapadri. Walishindana hivyo mpaka chai ikapoa, kisha wakainywa baridi wakicheka. Waliongea lugha yao ya upande ule, ambayo ni kama yetu, na wakichoka wanaingia Kiswahili ili na sisi tusikie tunasemwa. Mukaka alimpa Mama Kavira nyanya za kula kila zilipoiva. Mbegu hakumpa. Mbegu hakumpa mtu yeyote, hata wanawe. Alisema mbegu ukimpa mtu atazichanganya, na zikichanganyika huwezi kuzirudisha.

Mwaka ninaousema, mvua ya kwanza ilisomba miche. Mukaka akapanda tena, akamaliza akiba yote iliyokuwa kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya moto. Miche ikakua vizuri, ikazaa, nyanya zikaanza kubadilika rangi, na vitambaa vyekundu vikafungwa. Halafu mchana mmoja ikanyesha mvua ya mawe. Ilinyesha kwa muda mfupi sana, ule wa kuanua nguo na kukimbilia ndani. Tulipotoka, bustani ilikuwa imelala chini. Mukaka alitembea kati ya mistari akiinua shina moja baada ya jingine. Zile zilizopasuka aliwagawia majirani, zikiwa bado nusu kijani. Mama Kavira alipata yake, kubwa, yenye ufa ubavuni. Mukaka hakuwa anachukua mbegu kwenye nyanya yenye jeraha, hiyo ilikuwa sheria ya baba yake. Ikabaki moja tu nzima, chini ya jani la mgomba lililoangukia juu yake. Hiyo aliisubiri iive kama mtu anayesubiri mgonjwa afumbue macho.

Ilipoiva, akaikamulia kwenye kikombe cha plastiki, akaongeza maji kidogo, akakifunika na kukiweka kwenye ubao wa jikoni. Wenzangu mliolelewa na bibi wa namna hii mnajua kinachofuata. Mbegu za nyanya lazima zioze siku tatu, mpaka ukungu mweupe utande juu, ndipo ute unaozifunika uachie na ziweze kuoshwa. Siku ya kwanza kikombe kinanuka kidogo. Siku ya pili unajua kipo. Siku ya tatu kinanuka kama kitu kilichokufa nyuma ya kabati.

Na siku ya tatu ndiyo siku ambayo baba mdogo Baluku alikuwa akimleta mchumba wake kutoka Kasese.

Baba mdogo alikodi shamba kule Mubuku, kwenye mifereji ya umwagiliaji, na alikuwa mtu wa mambo mapya. Mchumba wake alisemekana amesoma na anavaa viatu vyenye kisigino. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilitaka apende kwetu. Nilifagia uwanja mara mbili. Niliosha vikombe, nikapaka sakafu samadi, nikachuma yale maua ya rangi ya chungwa nikayaweka kwenye kopo. Nikaingia jikoni, nikapigwa na ile harufu. Mukaka alikuwa ameenda kisimani. Nilichukua kikombe, nikaenda nacho chooni, nikamwaga. Nikakiosha kwa majivu, nikakirudisha kwenye ubao, kinang'aa. Jamani, nilijisikia nimefanya kazi nzuri.

Mnataka kujua kama nilijua ni mbegu? Nilijua. Nilikuwa nimeona kikombe kile kila mwaka tangu nizaliwe. Lakini akili ya mtoto ikitaka jambo, inaweka mengine pembeni. Nilijiambia kuwa zipo nyingine, kwa sababu siku zote zilikuwepo nyingine.

Mukaka aligundua wageni walipokuwa wamekwisha kula. Alitoka jikoni na kikombe kikavu mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza nani ameingia jikoni. Mimi nilitazama viatu vya yule mchumba. Baba mdogo akacheka, akasema kama ni mbegu za nyanya atamletea kopo zima kutoka Mubuku, zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, kila moja inaota. Mukaka akakumbuka kwamba asubuhi Mama Kavira aliingia kuchukua kaa la moto.

Mama Kavira aliitwa, akaja na mikono yenye unga. Mukaka akamuuliza mbele ya wageni, mbele yangu.

"Zile mbegu umezipeleka wapi?"

"Mbegu gani, mama?"

"Unajua ni mbegu gani. Umeniomba miaka miwili nikakunyima."

Mama Kavira alitazama kikombe, akamtazama Mukaka, na nadhani alinitazama na mimi, ingawa sina hakika, maana sikuinua macho. Alisema polepole, "Miye siko mwizi. Tunakula sahani moja miaka mbili. Kama niko mwizi, ungeshajua."

Alirudi chumbani kwake. Kesho yake aliosha masufuria, akafunga mzigo, akafagia chumba ambacho hakikuwa chake tena, akaacha ufunguo juu ya jiwe mlangoni. Tulisikia baadaye kuwa ameenda Kikorongo, pale njia panda, kuwapikia chakula madereva wa malori.

Na mimi nilikaa kimya. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu mambo yote mengine nayasema kwa kunung'unika, lakini hili nalisema kwa aibu. Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati anaosha masufuria. Nilikuwa na nafasi alipofagia. Nilimshikia hata kamba alipokuwa anafunga mzigo, akaniambia asante, Biira. Nikanyamaza.

Baba mdogo alileta kopo lake. Mbegu ziliota zote, kweli. Nyanya zikatoka sawasawa, za duara, kama zimepimwa kiwandani. Mukaka alizila. Akafunga kitambaa chekundu kwenye moja, akachukua mbegu zake, akapanda msimu uliofuata, na hapo ndipo ilipokuwa sinema. Moja ilizaa ndogo kama zabibu, ya pili ndefu, ya tatu haikuzaa kabisa, hakuna iliyofanana na mwenzake wala na mama yake. Mukaka alisimama katikati yao mikono kiunoni. Baba mdogo akaeleza kwamba hizi hazirudiwi, kila msimu unanunua nyingine. Mukaka alimuuliza ni mtu wa namna gani anakuuzia kitu kisichozaa watoto wake, na baba mdogo akasema ndiyo maendeleo. Walibishana mpaka wote wakanichosha. Lakini nilichoona ni kwamba Mukaka hakuwa tena na wa kubishana naye kuhusu pwaro. Chai yake aliinywa ikiwa moto, akaingia ndani.

Kilichonitoa kimya changu si ushujaa, msinisifu. Ni maungamo ya kwanza. Tulikuwa tunaandaliwa kwa komunyo, na mimi nilikuwa nimepanga vizuri: nitaiweka dhambi ile katikati, kati ya kutosali asubuhi na kumtukana mtoto wa jirani, ipite bila kuonekana. Padri aliisikia. Niliposubiri Salamu Maria zangu tatu nitoke, akaniambia malipizi yangu ni kwenda kumwambia bibi yangu leo. Nilimwambia ningependelea Salamu Maria, hata kumi. Alikataa. Mpaka leo naona alinionea.

Nilimwambia Mukaka akiwa anachambua maharage. Nilisema yote kwa pumzi moja nikakaa tayari kupigwa. Hakunipiga. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, mawe upande huu, maharage upande ule, na mimi nimesimama hapo miguu inaniuma. Kisha akasema, "Miezi tisa umekaa nayo," akainuka, akaingia chumbani, akatoka amevaa gomesi yake ya kanisani.

"Vaa viatu," akasema.

Tulifika Kikorongo jua likiwa limepanda. Malori yalikuwa yamejipanga, watu wanakimbilia madirisha ya mabasi na ndizi na maji. Kibanda cha Mama Kavira kilikuwa cha mabati, na mabenchi mawili. Alituona. Akaendelea kupakua. Aliwahudumia madereva wote, akafuta meza, akaosha sahani, akaweka sufuria nyingine motoni. Mukaka, mwanamke ambaye Bwera nzima ilimsalimu kwa kupiga magoti, alisimama juani na pochi yake mbele ya tumbo, akisubiri. Nilimvuta nguo nikamwambia tukae kivulini. Akaniambia ninyamaze, nimezoea kunyamaza.

Mama Kavira alipokuja, alitusalimia vizuri, kama wageni. Mukaka akanisukuma mbele. Nikasema mimi ndiye niliyemwaga, chooni, kwa sababu ya harufu. Mama Kavira akasema, "Nilijua."

Mukaka akageuka. "Ulijua?"

"Kikombe kilikuwa kimeoshwa na majivu. Mwizi hawezi kukuoshea kikombe, mama. Ni mutoto tu anaosha."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikuambie ni mujukuu wako, mbele ya bibi-arusi? Ungenisadiki?"

Mukaka alisema kwa sauti ya chini, kwa lugha yao, maneno ambayo nitayaacha huko huko yalikosemwa. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba alishuka chini mwenyewe, mzee yule, mpaka goti likagusa vumbi, na Mama Kavira akamshika mikono yote miwili kumzuia akachelewa.

Baada ya hapo walikaa, tukaletewa chai. Na ndipo nilipoyaona. Nyuma ya kibanda, juu ya jukwaa la miti lililoinuliwa ili mbuzi na ngiri wa mbugani wasifike kirahisi, kulikuwa na mabeseni mabovu na madumu yaliyokatwa, yamejazwa udongo. Kwenye dumu la njano ulisimama mnyanya umefungwa kwenye kijiti, na juu yake zimebaki nyanya mbili, pana, zenye mikunjo. Moja ilikuwa na kitambaa chekundu.

Mukaka aliziona kabla yangu. Niligundua kwa sababu kikombe chake kilisimama hewani. Mama Kavira naye aliona kwamba ameona. Sasa nisikilizeni upuuzi wa watu wazima. Hakuna aliyetaja nyanya. Waliongea juu ya bei ya unga. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya tembo mmoja aliyekula mihogo ya mtu fulani akarudi wiki iliyofuata kula na migomba yake. Mukaka hakutaka kuomba, kwa kuwa alikuja kuomba msamaha na aliona kuchanganya viwili hivyo ni aibu. Mama Kavira hakutaka kutoa, kwa kuwa alikuwa bado anaumia, na nani amlaumu. Chai ikapoa, wakainywa baridi. Mimi nilikuwa napasuka. Nikasema, "Mukaka, si uombe tu," nikafinywa paja mpaka machozi yakanitoka.

Mukaka akainuka, akaaga. Tulikuwa tumekwisha kutoka kwenye kibanda Mama Kavira alipoita. Alikuwa amepanda kwenye kiti, anachuma. Hakuchuma ile yenye kitambaa. Alichuma ile nyingine, akaja nayo.

"Ile siku ya mvua ya mawe ulinipatia nyanya ya kupasuka," akasema. "Nikaiweka mpaka ikaiva, nikaikula, mbegu nikapanda. Haukunipatia mbegu. Ulinipatia nyanya. Na mimi sikupatii mbegu. Kamata nyanya."

Mukaka aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuzageuza, akaikagua mikunjo, akatazama kikonyo, na akasema ile pwaro anayoiona kwenye beseni imepandwa juu mno, itakauka. Mama Kavira akamwambia mama yake alipikia Mapadri. Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika paja langu sioni cha kuchekesha, lakini nikacheka pia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubeba kitu kizito na sasa sikuwa nakibeba.

Mama Kavira hakurudi kuishi kwetu. Kibanda kilikuwa chake na alikipenda. Lakini kila msimu mmoja wao alimtembelea mwenzake wakabishana, mpaka magoti ya Mukaka yalipokataa safari. Mukaka alifariki nikiwa sekondari, bustani ikiwa imepandwa. Mama Kavira alikuja kwenye matanga, akafanya palizi siku ya tatu bila kuambiwa na mtu, na baadaye alirudi kwao upande wa pili mambo yalipotulia kidogo. Namba yake ya mwisho ya simu haipatikani. Ninazo nyanya. Nazipanda hapa Bulembia ninapoishi, kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba, na vitambaa vyekundu nafunga mimi, na mtoto wangu ananitazama kwa macho niliyomtazama nayo Mukaka.

Lakini vijana wa sasa, jamani. Wananiletea picha ya nyanya kwenye simu kabla hawajaiona nyanya. Wanaweka mbegu mbili kwenye kopo la soda, zikiota wanapiga picha, zikinyauka wanasema udongo una matatizo. Ukimwambia mtu aache mbegu zioze siku tatu anakutazama kama umemwambia ale chura. Niliwahi kumpa binti mmoja wa jirani, msomi kabisa, karatasi yenye mbegu zimekauka juu yake, nikamweleza kila kitu. Wiki ile ile alikuwa amefua nguo, karatasi iko mfukoni. Alikuja kuomba nyingine bila haya, bila kupiga goti, anatafuna bazoka. Nikampa. Ningefanyaje?

Zamani mbegu haikuwa na jina dukani. Ilikuwa ya fulani, na ili uipate ulihitaji kukaa vizuri na huyo fulani, au umkosee kisha umfuate mpaka njia panda, usimame juani mpaka amalize kupakulia wengine. Kazi ilikuwa ndefu na ilichosha, na mara nyingine ilidhalilisha. Siku hizi unachana pakiti, mwisho, hakuna hata mtu wa kukosana naye.

Yule binti, nilipompa karatasi ya pili, aliniuliza mbegu hizi ni za kampuni gani. Nikamwambia ni za Mama Kavira wa Kikorongo. Akatoa simu, akaandika, akasubiri, akaandika tena.

"Aunti," akaniambia, "huyo hayupo."